Sekunde Tisa

Tarehe ishirini na nane, saa mbili na robo asubuhi,
foleni ya ankara za maji imeshavuka mlango,
imepinda na ukuta hadi kwa muuza kahawa wa Barabara ya Saba,
na mimi, Mhina Kilua, mtunza seva,
naitwa kwa jina ambalo mama hakunipa:
"We mtu wa mitambo! Mashine yako imelala tena?"

Haijalala. Imekwenda ghalani.

Nilimweleza hivyo Bi Mwantumu wa uhasibu.
Kumbukumbu ya haraka, nikasema, ni meza ya jikoni:
chumvi ipo, kisu kipo, unanyoosha mkono tu.
Diski ni ghala la uani. Lina kila kitu,
ila uvae ndara, utafute ufunguo, urudi na vumbi kichwani.
Meza yetu ni gigabaiti thelathini na mbili.
Ghalani kuna mita elfu arobaini na moja
na kila tone lililopita humo kwa miaka kumi na tisa.

"Meza kubwa bei gani?"
Nikataja.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio,
na kwa kuwa ni mtoto wa Chumbageni,
hesabu yake akaitoa kwa mizani:

"Meza pana naijua, hupendezesha jikoni,
Na pesa za kununua, zitatoka fungu gani?
Pongwe bomba laugua, lamwaga maji njiani,
Lipi la kulichagua: kiu, ama ni foleni?"

Nikarudi chumbani kwangu, kwenye feni na nyaya.
Wiki nzima nikaisikiliza mashine inaulizwa nini.
Katika maswali mia, tisini ni ya miezi mitatu hii:
nimelipa? nadaiwa? mbona imepanda?
Yaliyobaki yamelala kama magunia ya mwaka juzi.
Basi miezi mitatu nikaipandisha mezani.
Mwaka huu nikauweka kwenye diski ndogo isiyozunguka,
niliyoipatanisha Ngamiani mpaka muuzaji akanichoka.
Ya kale nikayaacha kwenye diski kuu kuu inayokoroma.
Gharama: si hata sehemu ya kumi ya ile niliyotaja.
Mwezi uliofuata foleni ilikwisha kabla ya adhuhuri.
Bomba la Pongwe likapata kiungo kipya.

Lakini meza haina fadhila.
Umeme ukikatika inasahau hata mwenye nyumba.
Kwa hiyo kila shilingi iandikwe ghalani kwanza,
ndipo risiti itoke;
na kuandika huko nako ni kusubiri,
kidogo, kama mtu anayemeza mate kabla ya kuapa.

Alhamisi akaja mama mmoja wa Mabokweni,
Mwanahawa Kiando, na karatasi iliyokunjwa mara nane.
Hakuja kulipa.
Mashemeji wanasema nyumba haikuwa ya marehemu.
Anataka kujua mita iliandikwa jina la nani,
mwaka ule maji yalipofika kwao.

Nikabonyeza.
Diski kuu kuu ikaamka, ikakohoa, ikaanza kuzunguka.
Moja. Mbili.
Mama ameshika ukingo wa dirisha.
Tano. Hizi ndizo nilizouza, nikawaza,
hizi ndizo nilizonunulia kiungo cha Pongwe,
na hakuna aliyemuuliza kama anaziuza.
Nane.
Tisa.
KIANDO, ATHUMANI SEFU. Kiwanja, tarehe, saini ya fundi.

Alilisoma jina polepole kuliko diski.
Kisha akauliza,
"Hili mnaliweka wapi?"
"Ghalani, mama. La uani."
"Lina paa?"

Kwa swali hilo nilikuwa mzito kuliko mashine yoyote.
Ghala ni moja. Diski ni moja, na inakohoa.

Jioni nikajaza fomu: diski ya pili, ya kunakilia ya kale,
ikae jengo jingine, Raskazone au popote penye ukuta mkavu.
Faida kwa foleni: hakuna.
Kasi itakayoongezeka: sifuri.
Kwenye "Sababu" nikaandika neno moja: Paa.

Bi Mwantumu akaisoma.
Akavua miwani.